Mfadhili akiondoka, anzeni na daftari la ada

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tawi letu la chama cha wataalamu wa afya hapa Tanga halijawahi kupokea hata senti kutoka huko. Tulikuwa tukishikwa mkono na shirika moja la Dar es Salaam, nalo ndilo lililokuwa likitegemea fedha hizo. Haukupita muda barua ikatufikia: semina zimefutwa, mshahara wa karani basi, pango la ofisi mjitegemee. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kumbe na wafadhili wamo.

Mimi ndiye mweka hazina. Wenzangu wa vyama vingine wamekuwa wakinipigia kuuliza tunaendeshaje mambo, basi naandika mara moja wasome wote.

Kwanza, msikimbilie kuandika andiko la mradi kwa mfadhili mwingine. Kamati nyingi ndiko zinakokimbilia, kwa sababu kuandika andiko ni rahisi kuliko kumdai mwenzako ada. Andiko hujibiwa baada ya miezi, mwenye nyumba anadai kila mwezi. Fungueni daftari la wanachama muone nani amelipa mwaka huu. Letu lilikuwa limejaa majina, ila waliolipa hawakufika hata theluthi. Na bado kila semina ukumbi ulikuwa unafurika! Kulikuwa na posho na nauli, na hakuna aliyekuwa akiulizwa stakabadhi mlangoni.

La pili nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Kama kwenye akaunti kuna salio la mradi, msiliguse. Kutakuwa na mjumbe atakayesema "tukope tu, tutarudisha ada zikiingia." Fedha za mradi zina mwenyewe na zina ukaguzi. Mwandikieni mfadhili mumuulize zitumikeje au zirudishweje, na jibu lake liwe la maandishi.

Karani wetu ndiye aliyeniumiza kichwa. Watu walitaka aambiwe tu asije tena Jumatatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo: anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, na akiwa ametimiza miezi 12 mfululizo ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, kisizidi miaka kumi. Ongezeni na michango ya NSSF kama mlikuwa mkichelewesha. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kupiga ya pango. Ofisi tuliiachia, makabrati yakahamia kwenye chumba alichotuazima mwanachama mmoja pale Chumbageni, na sijasikia mtu yeyote akilalamika kwamba anaikumbuka. Msichopaswa kukiacha ni ada na taarifa ya mwaka ya chama kwa Msajili wa Jumuiya, anayesajili vyama kama vyetu, kwa sababu chama kikifutwa kwenye orodha yake, hata huyo mfadhili mpya hatawatazama.

Sasa tuje kwenye posho, maana hapo ndipo palipochimbika. Mkutano mkuu wetu ulikuwa ukifanyika hotelini Tanga mjini. Wa Kilindi na Lushoto, walio mbali, walilala, wa Pangani na Mkinga, walio karibu, wakadai nao walale, na jioni kulikuwa na foleni ya kusaini bahasha ndefu kuliko foleni ya kuchangia hoja. Safari hii tuliupeleka Korogwe, katikati ya mkoa, kwenye ukumbi wa shule: chai, mihogo ya kukaanga, kuanza saa nne asubuhi na kufunga saa tisa ili wa mbali wawahi gari. Nauli kila mtu na yake. Tulitangaza mapema kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba hakuna bahasha. Waliokuja walikuwa wachache, wengine walininunia waziwazi. Lakini waliokuja walibishana kuhusu bajeti mstari kwa mstari, jambo ambalo sikuwahi kuliona hotelini.

Mbishano mkubwa ulikuwa juu ya kupandisha ada. Kamati ilitaka iongezwe mara mbili. Mama mmoja muuguzi kutoka Muheza akasimama: "Wanangu, mnataka kumpandishia nani? Asiyelipa elfu ishirini atalipa arobaini?" Ukumbi ukacheka, hoja ikafa hapo hapo. Tukakubaliana ada ibaki ilivyo, ila ilipwe kwa awamu nne, na iende kwenye lipa namba yenye jina la chama. Tafadhali sana, ada isiingie kwenye simu ya mweka hazina. Hata uwe mwaminifu vipi, siku utakayonunua pikipiki watu watapiga hesabu.

Halafu tukaiga orodha ya michango ya harusi. Unaijua: jina, ahadi, alicholipa, inarushwa kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa. Watu hao hao wanaokwepa ada huchangia harusi bila kusukumwa, kwa sababu majina yao yanaonekana. Orodha yetu inaonyesha waliolipa tu. Wasiolipa hatuwataji, wanajitafuta wenyewe. Chini yake naweka mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Siku moja nilichelewa kuirusha, simu zikaanza kuingia kabla ya Isha.

Limebaki suala la malimbikizo, na hapa bado hatujaelewana. Wengine wanataka madeni ya nyuma yasamehewe yote ili watu warudi. Mimi nimekataa, kwa sababu kuna mtu wa Handeni aliyelipa kila mwaka akiwa kijijini bila kuitwa semina hata moja. Ukiwasamehe wengine wote unamwambia nini huyo? Pendekezo langu ni mdaiwa alipe mwaka huu na mmoja wa nyuma, ndipo apige kura kama katiba ya chama inavyotaka. Katibu anasema mmoja wa nyuma ni mwingi. Tutalipeleka kwenye kikao cha Juni, na wenye madeni wameshaanza kuulizia ukumbi.