Kwa Wanaoanza Riwaya ya Geto la Warsaw: Tarehe, Risasi na Mbalamwezi

Wengi wanaoanza riwaya kuhusu Wayahudi katika Vita Kuu ya Pili humbuni mhusika kwanza, kisha ndipo wakamtafutia mahali. Geuza. Anza na mtaa na tarehe, maana amri za Wajerumani hazikuwa sawa kila mahali.

Chukua nyota ya njano kifuani, alama ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa. Ndani ya Ujerumani ilianza Septemba 1941. Warsaw, mji mkuu wa Polandi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, hawakuivaa. Huko, tangu tarehe 1 Desemba 1939, kila Myahudi aliyezidi miaka 10 alifunga kwenye mkono wa kulia utepe mweupe wenye nyota ya buluu, upana usiopungua sentimita 10. Tofauti hii inabadilisha hadithi nzima: utepe unavulika kwa sekunde moja ukiwa kwenye kona, nyota iliyoshonwa haivuliki hivyo. Na namba iliyochanjwa mkononi ni ya kambi ya Auschwitz na matawi yake tu. Ukimchanja mtu namba Treblinka, umeharibu.

Treblinka penyewe, kambi ya mauaji kilomita kama 80 kutoka Warsaw, hapakuwa mahali pa kufungwa. Treni iliingia, na karibu wote walikuwa wamekufa saa chache baadaye. Ukitaka mhusika wako aishi humo kwa miezi, awe miongoni mwa wachache waliobakizwa kufanya kazi. Hao ndio walioasi tarehe 2 Agosti 1943.

Geto, yaani sehemu ya mji walikolazimishwa kukaa Wayahudi, lilifungwa tarehe 16 Novemba 1940, watu zaidi ya 400,000 ndani ya ukuta wa mita kama 3. Mgawo rasmi wa chakula haukufika kalori 200 kwa siku. Kwa hiyo kila familia unayoiandika ikiwa hai mwaka 1942 lazima uijulie chakula chake kinatoka wapi: wanauza samani, au wana mtoto mwembamba anayepenya tundu la ukuta na kurudi na viazi. Usipolijibu swali hilo, mhusika wako anaishi kwa muujiza.

Tarehe 22 Julai 1942 uhamisho mkubwa wa kwenda Treblinka ulianza. Waliojipeleka wenyewe kwenye treni waliahidiwa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jemu. Hapa ndipo wengi huteleza: humfanya baba wa familia ajue tayari treni inakwenda wapi. Wajerumani walisema ni kazi upande wa mashariki, na mtu mwenye njaa ya miaka miwili anautazama mkate kwa macho tofauti na yako. Andika mashaka yake na hesabu zake. Unachokijua wewe leo kiweke kando.

Matarishi, yaani waliobeba barua, fedha na silaha kati ya mageto, wengi walikuwa wasichana. Eleza kwa nini. Mwanamume Myahudi alikuwa ametahiriwa, Wapolandi Wakristo kwa kawaida hawakutahiriwa, na askari aliyeshuku aliweza kuamuru suruali ivuliwe. Kwetu tohara ni jambo la kawaida, hivyo msomaji hatashtuka usipomwandalia mapema. Msichana naye alihitaji Kipolandi kisicho na lafudhi ya Kiyidishi, sala za Kikatoliki kichwani, kitambulisho cha bandia, na uso usioonyesha huzuni. Huzuni ilitosha kumtambulisha. Hatari yake ya kila siku haikuwa askari wa Kijerumani peke yake. Kulikuwa na watu wa mtaani waliowanusa Wayahudi na kuwatoza fedha ili wasiwasaliti kwa Wajerumani. Na wenyeji waliomficha walikuwa na kitanzi shingoni pia, kwani tangu Oktoba 1941 adhabu ya kumhifadhi Myahudi ilikuwa kifo.

Sasa silaha. Mapigano ya Aprili 1943, Wayahudi wa geto walipowaasi Wajerumani, huandikwa kama ya jeshi, na sivyo. Mpiganaji wa ŻOB, kundi la siri la Wayahudi lililoongozwa na Mordechai Anielewicz, alikuwa kwa wastani na bastola moja, risasi 10 hadi 15, mabomu ya mkono 4 au 5, na chupa kadhaa za petroli. Zihesabu risasi ukurasa kwa ukurasa. Mtu mwenye risasi 12 hafyatui ovyo, na bastola haimfikii kwa uhakika askari aliye mwisho wa barabara. Ndiyo maana walivizia madirishani na kwenye ngazi, na ndiyo maana Wajerumani wakaamua kuchoma jengo baada ya jengo. Kuanzia hapo adui mkubwa ni moto, moshi na kiu. Ndani ya handaki lenye watu wengi hewa huwa nzito na joto hupanda. Mtoto akikohoa, wote wanasimamisha pumzi. Hapo ndipo penye riwaya, kuliko kwenye mlio wa bunduki.

Tazama na mwezi. Kalenda ya Kiyahudi ni ya mwezi mwandamo, na Pasaka yao huingia usiku wa 15. Mapigano yalianza alfajiri ya tarehe 19 Aprili, na jioni yake Pasaka ikaingia. Usimpitishe mtu ukutani usiku huo "katika giza totoro": mwezi ulikuwa mpevu.

Upinzani usio na bunduki usiuache. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake ndani ya geto walikusanya shajara, tangazo, hata karatasi za peremende, wakazika kwenye masanduku ya bati na makopo makubwa ya maziwa. Sehemu ilifukuliwa 1946, nyingine 1950. Mhusika wako aweza kuwa mtu wa kunakili tu.

Lugha, kwa ufupi: hakuna "shikamoo" Warsaw. Mpolandi humwita mgeni Pan (Bwana) au Pani (Bibi). Acha hivyo hivyo.

Na chunga saa. Marek Edelman, mmoja wa wapiganaji wa geto waliotoroka kupitia mitaro ya maji machafu hadi mtaa wa Prosta tarehe 10 Mei, aliandika kwamba walitolewa kwenye chemba saa 4 asubuhi, mchana kweupe, wapita njia wakitazama. Ukinakili ile "10" ya kitabu cha kigeni bila kuigeuza kuwa saa ya Kiswahili, msomaji wetu atawaona wakitoka alfajiri, gizani, bila shahidi hata mmoja.