Mfundishe mwanafunzi mtaro ni wa nani

Walimu wenzangu mnaosimamia klabu za mazingira, nina ombi: mkishafagia na kupanda miti, msiishie hapo. Usafi wa Jumamosi ni jambo jema. Lakini mtoto anayefagia kila wiki mbele ya mtaro ulioziba, bila kuambiwa ni nani mwenye wajibu wa kuuzibua, tunamzoesha kuvumilia. Mimi nafundisha sekondari Dar es Salaam, na nimeona kwamba somo linalowakaa wanafunzi kuliko yote ni hili: tatizo hili liko chini ya ofisi gani, na tunaifikiaje?

Anzeni na kitu wanachokiona kwa macho yao. Sisi tulianza na mtaro unaopita nyuma ya shule. Wanafunzi wakayafuata maji: mtaro unaingia kwenye kijito, kijito kinaingia mto Msimbazi, na Msimbazi, unaoanzia huko milima ya Pugu, unamwaga baharini karibu na daraja la Salenda. Wengi wamewahi kukwama Jangwani, bondeni mwa mto huo, siku ya mvua, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwahubiria. Niliwaambia waandike tu wanachokiona. Wakaandika chupa za maji, vifungashio, pampasi, makapi ya miwa, na mchanga. Mchanga ndio uliowashangaza. Walikuja wamejiandaa kuwalaumu majirani wanaotupa taka, kumbe sehemu kubwa ya kilichoziba ilikuwa mchanga ulioteremshwa na mvua kutoka barabara ya vumbi iliyo juu ya shule. Mjadala ukageuka palepale.

Sasa tafuteni mhusika. Barabara kuu na mitaro yake ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Majitaka ya Dar es Salaam ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kiwanda kikitiririsha maji yenye rangi mtoni, hilo ni la NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Taka za mtaani zinaanzia serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, halafu kata. Wanafunzi wayatafute haya wenyewe kwa kuuliza, na waambieni mapema kwamba wanaweza kuelekezwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Huko kuzungushwa nako ni sehemu ya somo, wasikate tamaa.

Someni na sheria yenyewe darasani. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili asome kwa sauti. Akimaliza, hataiona tena barua yake kama ombi la hisani.

Kwenye barua ndipo mtulie zaidi. Mwombeni mwalimu wa Kiswahili asaidie, maana barua rasmi imo kwenye somo lake na hapa inapata kazi ya kweli. Jambo moja kwa barua moja. Rasimu ya kwanza ya wanafunzi wangu ilikuwa imejaa "tunasikitika sana" na "hali ni mbaya mno". Tukazifuta, tukaandika: mtaro umejaa mchanga kuanzia kwenye kalavati hadi geti la shule, na mvua ikinyesha maji yanaingia madarasani. Chini ya "YAH: OMBI LA KUZIBULIWA MTARO" hayo yalitosha. Toeni nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na wanafunzi waitunze kwenye faili la klabu. Bila muhuri huo, mkirudi kuulizia mnaanza upya.

Kuna mtu wa kuwasimulia hapa. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, wanamjua kwa miti ya Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977. Wachache wanajua kwamba mwaka 1989, serikali ya Kenya ilipounga mkono ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, alichukua kalamu akaandika barua ofisi baada ya ofisi. Alikejeliwa hadharani, lakini jengo halikujengwa.

Msiwapeleke watoto bila ulinzi. Mkuu wa shule ajue na asaini, wazazi waarifiwe, na mwalimu awepo kila wanapokwenda ofisini. Lugha iwe ya heshima, picha ziwe za mtaro na si za watu.

Na mtaro ukizibuliwa, rudini kuutazama. Wetu ulichimbuliwa, lakini mchanga ukaachwa kando, na mvua iliyofuata ikaanza kuurudisha ndani. Wanafunzi wakaandika barua ya pili kuomba uzolewe, wakiambatisha nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri.

Pangeni kazi kwa kufuata mvua na bajeti. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni wakati wa kutazama na kuandika kumbukumbu. Maombi madogo yapelekwe kiangazi, kabla ya vuli, wakati mitaro inachimbika. Maombi makubwa, kama kujengea mtaro kwa zege, yafike halmashauri kabla mwaka wa kalenda haujaisha, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai na mipango yake hupangwa miezi mingi kabla.