Theluthi ya Kifungo na Cherehani ya Gerezani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mfungwa mwenye tabia njema, na anayejifunza kazi akiwa ndani, anastahili kupunguziwa kifungo. Jibu langu ni ndiyo, ila naona sheria yetu hapa Kenya inalitunza lile la kwanza na kulisahau la pili.

Wengi tunaoishi Nairobi hudhani kwamba mfungwa huchuma punguzo lake kidogo kidogo, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza hakisemi hivyo. Aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja huandikiwa msamaha wa theluthi nzima ya kifungo chake tangu anapopokelewa, na kuanzia hapo kazi yake ni kutoipoteza, kwa kuwa akivunja nidhamu anaweza kukatwa siku. Ndiyo maana mwenye miaka sita huhesabu minne. Waliofungwa maisha hawamo katika hesabu hiyo. Tegemeo lao ni msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba.

Mjomba wangu alikuwa na miaka sita. Alikaa bila kugombana na mtu, akaitikia kila alipoitwa kuhesabiwa, akala ugali wake, akatoka baada ya miaka minne akiwa hajui lolote ambalo hakulijua alipoingia. Siku hiyo hiyo alitoka mwenzake waliyehukumiwa pamoja, ambaye alikuwa amejifunza ushonaji na kufanya mtihani wa kidato cha nne humo humo ndani. Mjomba husimulia jambo hilo akicheka. Mimi hulisikia kama dosari ya sheria, kwa maana watu wawili walioitumia miaka yao kwa namna tofauti kabisa walilipwa sawasawa.

Nchini Brazil, mfungwa hupunguziwa siku moja kwa kila siku tatu za kazi, na siku moja nyingine kwa kila saa 12 za masomo. Hata anayesoma kitabu na kuandika maelezo yake yakakubaliwa hupata siku nne, mradi vitabu visizidi 12 kwa mwaka. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, huwapa baadhi ya wafungwa wa magereza ya serikali kuu siku 10 kwa kila siku 30 za mafunzo, ingawa siku hizo kwa kawaida huwahamishia mapema kwenye uangalizi wa nje badala ya kufuta hukumu yenyewe. Sioni kwa nini sisi tusiongeze kitu cha aina hiyo juu ya theluthi tuliyo nayo.

Najua wapo watakaosema kwamba watu watajifanya wanafunzi ili watoke upesi. Na wajifanye! Anayejifanya fundi kwa miaka miwili mbele ya cherehani atakuwa ameshajua kushona suruali. Hofu yangu ni nyingine. Pale ambapo mashine ni chache na wafungwa ni wengi, siku za msamaha zikifungamanishwa na karakana, kiti cha karakana kitakuwa na bei, na mwenye jamaa wa kumtumia pesa atakipata kabla ya maskini. Kwa hiyo orodha ya wanaosubiri nafasi ibandikwe ukutani kila mtu aione, na anayesubiri kwa sababu gereza halina vifaa asihesabiwe kuwa mvivu.

Aliyeibiwa au kujeruhiwa naye ana haki yake. Kinachomuuma mara nyingi ni kumkuta mtu huyo stendi ya matatu miaka miwili kabla ya siku aliyoitarajia, bila mtu yeyote kumweleza kitu. Basi hakimu anapotamka miaka sita, atamke papo hapo, mbele ya mlalamishi, tarehe ya mapema kabisa ambayo mfungwa anaweza kutoka, na afafanue ni mambo gani yanayoweza kuichelewesha au kuiwahisha.

Msomaji, Umoja, Nairobi