Muulize Fundi: Kompyuta Kumi na Moja za Mama wa Newala

Barua zimekuwa nyingi, nimechagua tatu. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: nilianza ufundi Masasi mwaka 1989 kwa kutengeneza redio, na sasa nina meza ya simu hapa Mtwara mjini. Nikijibu kitu, ni kitu nilichokifungua kwa mikono yangu au nilichokisoma mpaka nikakielewa.

SWALI: Fundi, salaam kutoka Newala. Mimi ni mama wa miaka 68, mkulima wa korosho. Mjukuu wangu amerudi likizo kutoka chuoni, ananiambia nyumba yangu ina kompyuta zaidi ya kumi. Nilicheka mpaka akanuna. Kompyuta ninayoijua mimi ni ile ya ofisini, yenye kioo na vitufe. Humu ndani nina umeme wa LUKU, runinga na king'amuzi chenye kadi, kitochi changu cha laini mbili, kikokotoo cha kupigia hesabu za korosho, na simu kubwa ya huyo mjukuu. Basi. Je, ananidanganya? Na kama ni kweli, mbona wakati nanunua hakuna aliyeniambia?

JIBU: Shikamoo mama. Mjukuu wako amesema kweli, na kwa orodha uliyonitumia mimi nimepata kumi na moja. Mita ya LUKU ni moja. Rimoti yake, ile unayobonyezea namba, ni ya pili. Runinga, king'amuzi, na kadi iliyomo ndani ya king'amuzi zinafanya tano. Kitochi ni ya sita. Laini zako mbili, kila moja ni kompyuta yake, usishangae, nitaeleza. Simu ya mjukuu na laini yake, hizo ni kumi. Kikokotoo kinamalizia. Kompyuta ni kifaa kinachopokea habari, kikazifanyia hesabu kwa kufuata maagizo kiliyowekewa, kikatoa jibu. Kioo kikubwa si lazima.

Naomba nikae kidogo kwenye mita, maana katika hizo zote ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Ukinunua umeme unaletewa tarakimu 20. Watu wengi wanadhani ukizibonyeza, mita inawauliza TANESCO kama umelipa kweli. Haiulizi mtu. Hata minara yote ya simu Newala ikizimika, ukishakuwa na namba zako umeme utaingia. Zile tarakimu 20 zenyewe ndiyo barua, na imefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, ndiyo maana namba za jirani hazifanyi kazi kwako. Mita ikiifungua inasoma mambo mawili makubwa: uniti ni ngapi, na barua imeandikwa dakika gani. Nimesema dakika, sijakosea. Kila barua ina alama ya dakika yake, na mita inakumbuka alama ilizokwisha kuziona. Ukirudia namba za jana inakukatalia.

Mfumo huu unaitwa STS, asili yake ni Afrika Kusini. Dakika zake zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216, yaani miaka karibu 32. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Sasa kumbuka, mama: mwaka ule kuna siku ulinunua umeme ukaletewa mafungu matatu ya namba badala ya moja, ukaambiwa uyaingize kwa mpangilio. Mafungu mawili ya mwanzo hayakuwa umeme. Yalikuwa yanaibadilishia mita ufunguo, na hesabu ya dakika ikaanza upya kutokea mwaka 2014.

Siku zile nilizunguka Magomeni na Chikongola za hapa Mtwara nikiwabonyezea wazee. Bibi mmoja alikaa gizani siku mbili kwa sababu aliamini ametapeliwa, akaogopa kugusa rimoti. Aliniuma sana yule bibi. Alikuwa na akili zake timamu na pesa yake ameshalipa. Alichokosa ni mtu wa kumkalisha chini kwa dakika tano amweleze kwamba ukutani kwake kuna kitu kinachohesabu dakika, na hesabu imefika mwisho.

Laini sasa. Kile kipande cha plastiki kina ubongo wake na kumbukumbu yake; za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Ujerumani, Giesecke & Devrient. Simu ikiwashwa, mtandao unaitumia laini namba ya kubahatisha. Laini inaikokotoa pamoja na siri iliyomo ndani yake, inarudisha jibu tu, na siri yenyewe haitoki nje. Mtandao nao umepiga hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, unaruhusiwa kupiga simu.

Mbona hukuambiwa? Kwa sababu waliofikiria jambo hili walitaka usijue. Mwaka 1988, katika maabara ya kampuni ya Xerox kule Palo Alto, Marekani, mtaalamu aitwaye Mark Weiser alianza kuzungumzia kompyuta zitakazoenea kila mahali mpaka watu waache kuziona. Mwaka 1991 aliandika makala akatoa mfano wa maandishi: yapo kwenye vibao, kwenye pakiti za vyakula, ukutani, na anayejua kusoma hasimami kujiambia kwamba sasa anatumia maandishi. Yeye na wenzake walitengeneza vifaa vya saizi tatu, vya inchi, vya futi na vya yadi, wakitarajia chumba kimoja kuwa na vingi. Alifariki mwaka 1999.

Nyumbani kwako mambo yamekwenda njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hiyo ya Weiser: hesabu imejificha kwenye mita, kwenye kadi, kwenye laini. Ya pili ni kinyume chake: tochi, redio, saa, kamera, barua na pochi ya pesa vyote vimehamia ndani ya simu moja. Hata serikali ililazimika kuliona hilo. Zamani tulikuwa na Tume ya Mawasiliano kwa ajili ya simu na Tume ya Utangazaji kwa ajili ya redio na runinga. Mwaka 2003 zikaunganishwa ikawa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kuwa mpaka kati ya simu na redio ulikuwa unafutika.

Na huo mfano wa maandishi, mimi naukubali nusu. Sisi tulifundishwa kusoma kwanza ndipo maandishi yakapotea machoni. Hizi kompyuta zimejificha kabla hatujafundishwa. Mwambie mjukuu akupitishe nyumba nzima, kifaa kwa kifaa, na kwenye kila kimoja akujibu swali moja: hiki kinahitaji mtandao, au hakihitaji? Mita haihitaji. Wewe mwenyewe ndiye waya wake: habari inaishia kwenye kitochi chako, na kutoka pale kidole chako ndicho kinachoifikisha.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni dereva bodaboda Lindi mjini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikuwa hoi siku nzima. Simu yangu ya laki nne ikawa kama kioo cha kujitazamia, programu ya kutumia pesa haifunguki. Lakini mama mmoja muuza samaki alikuwa anapokea pesa kwenye kitochi kama kawaida. Inawezekanaje?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Siku ile nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya intaneti yetu Afrika Mashariki ilikuwa inapita humo, na programu yako ilikuwa inatafuta njia hiyohiyo.

Kitochi cha yule mama hakikuwa na habari na bahari. Ukibonyeza nyota, namba, halafu reli, ombi lako linapita kwenye njia ambayo simu na mnara hutumia kupeana taarifa: nani yupo, nani anapigiwa, laini ipi imewashwa. Ni njia nyembamba, haibebi picha wala sauti, ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Meseji za kawaida nazo zilibuniwa kupita humo, ndiyo maana ziliwekewa kikomo cha herufi 160. Kwa kutuma shilingi elfu tano inatosha kabisa.

Na simu yako ya laki nne ina njia hiyo pia! Laini ni ileile. Ungefungua sehemu ya kupigia, ukabonyeza nyota na namba za mtandao wako kama anavyofanya yule mama, ungepokea nauli zako zote. Ziandike namba hizo kwenye karatasi uibandike ndani ya kofia ngumu. Usizihifadhi simuni tu.

SWALI: Kaka Fundi, salama? Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Mtwara. Simu yangu iliibiwa, nimekwenda kwa wakala kurudisha laini, mashine imekataa vidole vyangu mara saba. Foleni nzima inanitazama. Wakala akaniuliza kwa sauti kama kitambulisho ni changu kweli. Mshahara wangu unaingia kwenye laini hiyo. Akanishauri nimlete mume wangu asajiliwe yeye. Nifanyeje?

JIBU: Salama dada yangu, na pole. Pole ya kutoka moyoni, kwa sababu nimesimama kwenye foleni hiyo. Simu yangu iliwahi kuzama nikivuka kwenda Msangamkuu, na ndani yake nilikuwa nimeweka kila kitu: pesa, namba za wateja, picha za marehemu mama yangu, hata namba ya binti yangu ambayo sikuwa naikumbuka kichwani. Nilipokwenda kurudisha laini, vidole vyangu vilivyoungua kwa miaka ya kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa havikusomeka. Unajihisi umefutwa.

Hukufanya kosa lolote. Kile kioo kinapiga picha ya matuta ya ngozi, halafu programu inatafuta mahali matuta yanapokatika na yanapogawanyika, inalinganisha na picha uliyopigwa wakati wa kitambulisho cha taifa. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi, na wewe unajua kuliko mimi yanavyomenya ngozi. Matuta yakimenyeka, mashine haina cha kulinganisha. Tangu tuanze kusajili laini kwa vidole tarehe 1 Mei 2019, nimekutana na wabanguaji, wachoma mkaa na mafundi ujenzi wenye kilio hikihiki. Mikono iliyofanya kazi ndiyo inayokataliwa, na hilo linanikera kila ninapoliona.

Habari njema ni kwamba mchoro wa kidole umejengeka ndani zaidi ya ngozi ya juu. Ngozi ikipumzika wiki kadhaa bila mafuta ya korosho, matuta yanarudi yaleyale. Kwa hiyo jaribu hivi. Kama kiwandani wanaweza kukuhamishia kwenye kumenya ganda laini au kupanga madaraja kwa mwezi mmoja, omba. Ukishindwa, vaa glavu, na usiku upake mafuta ya nazi. Siku ya kwenda, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe, wakala afute kioo chake kwanza. Wala asikazanie dole gumba tu. Mkono unaoshikia korosho huungua tofauti na ule mwingine, na mimi mwisho nilisomeka kwa kidole cha pete cha kushoto.

Kuhusu mumeo: usikubali. Simsemi vibaya, simjui. Lakini laini ikisajiliwa kwa kidole chake ni yake, na mshahara wako utakuwa unaingia kwenye laini ya mtu mwingine. Na si haki wakala kukuhoji mbele ya foleni. Alama za vidole ni taarifa zako binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Jambo la mwisho, na hili lifanye kabla hujaondoka mbele ya wakala. Vidole vilibonyezwa mara saba. Kila mbonyezo uliosomeka unaweza kusajili laini, na si lazima iwe yako. Laini ikirudi, bonyeza *106# hapohapo, uangalie ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Ukiona hata moja usiyoijua, usiinuke kwenye benchi mpaka ameifuta.