Mafundi Wanajibu: Kuunga Zulia Mstari Usionekane

Swali: Sebule yangu ina mita 5 kwa 4.6. Zulia la manyoya nililonunua lina upana wa mita 4, hivyo fundi aliongeza kipande upande wa dirishani. Nikisimama mlangoni kile kipande kinaonekana kimekoza, utadhani nilinunua rangi mbili. Nyuzi nazo zimeanza kuchomoka kwenye maungio. Muuza duka anaapa kuwa zulia ni lile lile. – Mama wa nyumbani, Cheyo, Tabora

Jibu: Mama, inaelekea muuza duka anasema kweli. Kipande chako kimegeuzwa. Manyoya ya zulia hayasimami wima, yamelala upande mmoja tangu mwanzo wa roli hadi mwisho. Yakikuelekea unayaona yamekoza, yakikupa mgongo yanang'aa. Kipande kikigeuzwa hata robo tu, mwanga wa dirishani unakiumbua.

Hakikisha hivi. Weka karatasi juu ya zulia, laza penseli juu ya karatasi, kisha iviringishe mbele na nyuma huku ukikandamiza kidogo. Karatasi itasogea yenyewe kufuata ulalo wa manyoya. Fanya hivyo kwenye zulia kubwa, kisha kwenye kipande. Zikienda pande tofauti, umeshapata jibu. Fundi makini huchora mshale wa chaki mgongoni mwa kila kipande kabla ya kisu kugusa kitu.

Kwa nini aligeuza? Kubana matumizi. Pengo lako ni sentimita 60, na kipande chake hukatwa sentimita 70 ili kuwe na cha kupunguza. Njia ya haraka ni kukata vipande viwili vya sentimita 70 kukatisha upana wa roli: unatumia mita 1.4 ya zulia, lakini manyoya yote yanalala kukatisha yale ya zulia kubwa. Njia sahihi ni kukata mita 1.75 ya roli, kisha kuichana kwa urefu, vipande vitatu vya sentimita 70 kila kimoja. Ukiviunga kichwa kwa mguu unapata mita 5.25 na manyoya yote yanaelekea kumoja. Tofauti ya njia hizo mbili ni sentimita 35 tu za zulia. Hatuoni sababu ya kuharibu sebule kwa sentimita 35. Ile mishono miwili ya ziada inaingia chini ya sofa au kabati la TV.

Kurekebisha: kama duka bado lina roli yenye namba ile ile ya bechi (mkupuo mmoja wa kiwandani) kwenye lebo, nunua mita 1.75 kipande kibadilishwe. Bechi ikiwa tofauti, rangi inaweza kupishana kidogo hata manyoya yakikaa sawa. Ikikosekana, panga sofa juu ya kipande.

Nyuzi zinachomoka kwa sababu kingo hazikuzibwa. Kila ukingo uliokatwa unapakwa uzi mwembamba wa gundi ya mpira ya mazulia, unene wa milimita 3 hivi, kwenye mgongo tu, bila kugusa manyoya. Gundi nyeupe ya mbao haifai hapa: siku ukifua zulia italainika. Kwa sasa, nyuzi zilizotokeza zikate kwa mkasi usawa wa manyoya. Usizivute, kwani kwenye zulia la vitanzi, ambalo nyuzi zake zimekunjwa bila kukatwa ncha, uzi mmoja unaweza kufumua mstari mzima.

Swali: Naunga kwa utepe wa gundi ya moto, lakini natumia pasi ya nguo. Mara utepe haushiki, mara mgongo wa zulia unajikunja. Hata ukishika vizuri, baadaye kunainuka kituta katikati ya mshono. – Fundi kijana, Mwanga, Kigoma

Jibu: Ndugu fundi, hayo ni matatizo mawili, na tuanze na la pasi. Mazulia mengi yana mgongo wa polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hadi 165. Pasi ya nguo ukiiweka kwenye pamba inafika karibu 200, ndiyo maana mgongo unajikunja. Ukipunguza moto unakutana na kasoro ya pili. Pasi ya nguo ni nene, inainua kingo zote mbili juu, na gundi inapoa kabla hazijarudi chini. Pasi ya mazulia ina bamba jembamba na kinga juu yake, hivyo zulia linapita juu bila kuungua. Changeni hela mafundi wawili watatu mnunue moja. Anza na nyuzijoto 120 hivi, jaribu kwenye kipande cha kutupa, kisha panda taratibu. Gundi iwe laini kama asali na ipenye kwenye mgongo. Ikitoa moshi, umezidisha.

Kabla ya pasi kuna kukata, na hapo ndipo mishono mingi inapoharibikia. Ukingo wa kiwandani uondoe sentimita 3 hivi pande zote mbili, kwa kuwa mara nyingi umelegea na haujanyooka. Zulia la vitanzi likate kutokea juu: pitisha ncha ya bisibisi bapa kati ya mistari miwili kuifungua, kisha kisu kifuate njia hiyo hiyo. La manyoya yaliyokatwa, ligeuze ulikate mgongoni kwa rula ya chuma. Wembe ukianza kuvuta nyuzi, badilisha papo hapo. Paka kingo gundi ya mpira, kisha laza utepe, katikati yake iwe chini kabisa ya maungio.

Weka pasi juu ya utepe, subiri kama nusu dakika, kisha isogeze urefu wa bamba lake tu. Nyuma yake kutanisha kingo kwa vidole, zigusane bila kusukumana, manyoya yasinaswe katikati. Palipoungwa weka ubao mnyoofu wenye uzito hadi papoe. Usilivute zulia kabla ya nusu saa kupita.

Sasa kituta. Utepe uko chini, nguvu ya kuvuta iko juu yake, kwenye mgongo wa zulia. Ukilivuta zulia kukatisha mshono, mgongo unataka kunyooka mstari mmoja, hivyo unaunyanyua utepe. Sponji nene na laini ya chini huongeza tatizo, maana zulia linabonyea pembeni na mshono unabaki juu. Tumia utepe mpana, wa sentimita 15 ukiupata, na sponji ngumu zaidi. Vuta kwa nguvu kufuata urefu wa mshono, kwa kiasi kuukatisha. Tangu unapopima chumba, panga mshono uelekee dirishani ili mwanga upite kando yake badala ya kuukatisha, na usiuweke mlangoni watu wanapogeukia. Lakini mwambie mteja mapema: kituta kidogo kinaweza kubaki hata kazi ikiwa nzuri.

Swali: Tunatandika zulia jipya msikitini, roli ziko tatu. Mistari ya safu inakutana vizuri upande wa mihrabu, lakini ikifika nyuma imepishana karibu sentimita 4. – Ustadhi, Ujiji

Jibu: Ustadhi, roli za zulia moja huwa hazilingani kabisa kwa urefu wa michoro. Kunjueni zote tatu, ziacheni zipumzike siku nzima, kisha kwa kila moja pimeni umbali wa mistari kumi ya safu. Zulia hukubali kuvutwa, kufupishwa halikubali. Kwa hiyo anzeni na roli yenye kipimo kirefu zaidi, inayofuata iungwe kwake, na fupi kabisa iwe ya mwisho, kila moja ikivutwa kidogo kuifikia ya kabla yake. Fungeni kamba kutoka ukuta hadi ukuta kila baada ya safu chache, na msianze kupasha utepe hadi mistari yote ikutane kwenye kamba. Sentimita 4 zikigawanywa kwenye msikiti mzima hazionekani. Mkizilimbikiza safu ya mwisho, kila mswali ataziona.

Swali: Kapeti letu la plastiki linaachia kwenye maungio, maji ya kudeki yanaingia chini. Tumejaribu supaglu na gundi ya viatu. – Gungu, Kigoma

Jibu: Supaglu ikikauka inakuwa ngumu na kukatika kapeti linapokunjika. Gundi ya viatu inaweza kuacha doa la njano lisilotoka. Pandisheni kipande kimoja juu ya kingine sentimita 3, mkate vyote viwili kwa mkupuo mmoja wa kisu, ili kingo zilingane hata mkono ukiyumba. Kausheni sakafu, wekeni utepe wa gundi pande mbili chini ya maungio. Juu bandikeni utepe wa karatasi, uchaneni sawasawa na mstari, kisha pitisheni gundi ya majimaji ya kuunganishia PVC. Hiyo huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Ng'oeni karatasi baada ya dakika 10 hivi, na msikanyage kwa saa kadhaa. Fungueni madirisha: mvuke wake ni mkali na unashika moto.

Swali: Umeme kwetu ni wa sola ndogo, hauendeshi pasi. Zulia la kufumwa linaweza kuungwa kwa mkono? – Sikonge, Tabora

Jibu: Linaweza, na kwa zulia la kufumwa mshono wa mkono ni imara sana. Tumia sindano iliyopinda na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Geuza vipande, shona kutokea mgongoni, sentimita 1 kutoka ukingoni, hatua ya sentimita 1.5, na kila baada ya hatua kama kumi piga fundo ili uzi ukikatika usiachie wote. Paka gundi ya mpira juu ya mshono, laza kitambaa cha pamba cha upana wa sentimita 8, kisha acha ikauke usiku kucha kabla ya kuligeuza.