Vifaranga wanakufa usiku, msimu huu wa kipupwe Newala

Pole sana dada, vifaranga 13 kwa siku 4 sio mchezo. Ila kwa ulivyoeleza, kwamba asubuhi unawakuta wamelaliana kona moja na wa chini ndo wamekufa, mi naona hiyo sio kideri (ule ugonjwa wa mdondo), ni baridi tu. Watu wa Mtwara mjini hawatakuelewa, sisi wa huku juu Newala upepo wa mwezi wa saba tunaujua.

Kifaranga wiki ya kwanza anataka joto nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe, wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wanahema midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika wanakula basi umepatia.

Chini weka maranda au pumba za mpunga, nene, zikilowa toa hapohapo maana baridi na unyevu pamoja hawatoboi. Viroba ziba ule upande upepo unakotokea, usizibe banda zima!! Hasa kama unatumia jiko la mkaa, ile hewa yake usiyoiona inaua vifaranga na wewe mwenyewe, hata mkaa ukishakolea bado inatoka, so juu acha uwazi. Mi mwaka juzi niliziba kila tundu nikajiona fundi, asubuhi sikuamini macho yangu.

Na kama vifaranga mnawalaza stoo na humo mmeweka salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ihamishe kwanza.