Mtoto wa mlevi si lazima awe mlevi
Je, baba akiwa mlevi, mtoto naye lazima awe mlevi? Hapana, si lazima. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia karibu 50% ya tofauti za watu kwenye uraibu wa pombe. Hiyo ni hesabu ya kundi zima lakini, si kwamba nusu ya ulevi wako kakuachia baba. Na jeni ya ulevi si moja, ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Inayojulikana sana ni ALDH2: Wachina na Wajapani wengi wana aina yake inayowafanya wakinywa glasi moja tu, uso mwekundu, moyo mbio, kwa hiyo wengi wao huiepuka pombe. Nafundisha baiolojia hapa Tabora. Mwanafunzi wangu mmoja kakulia kilabuni, mama anauza pombe ya wanzuki. Mpaka leo haonji.